Paa la uwanja lifunguliwe au lifungwe? Swali la Donholm kuhusu siku ya mechi

JIONI moja ya mvua za masika, matatu iliyokuwa ikielekea Donholm ilikwama katika barabara ya Jogoo, karibu na uga wa City Stadium. Maji yalikuwa yamefurika kando ya barabara na magari yakienda kwa mwendo wa kinyonga. Kijana mmoja aliyevalia jezi ya Gor Mahia alipangusa ukungu kwenye kioo, akautazama uga ule uliolowa chepechepe, kisha akamgeukia mzee aliyeketi kando yake.

"Mzee, wenzetu Ulaya wana viwanja vyenye paa la kufunguka na kufungwa. Mvua ikianza, wanabonyeza kitufe tu. Mbona ule wetu mpya wa Ngong Road usiwe hivyo?"

Mzee hakuchelewa kujibu. "Na hicho kitufe, kijana wangu, kitabonyezwa na nani?"

Abiria waliangua kicheko. Hata hivyo, swali la mzee huyo lina uzito kuliko lilivyochukuliwa, kwani ndilo swali ambalo limewatoa jasho wasimamizi wa soka na raga katika mataifa yenye fedha na mitambo kuliko sisi. Na kwa kuwa Kenya, Uganda na Tanzania zilitunukiwa pamoja, Septemba 2023, idhini ya kuandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, si vibaya tukalijadili kabla ya siku yenyewe kutufikia.

Tuanze na Warsaw. Tarehe 16 Oktoba 2012, Poland ilitarajiwa kuvaana na Uingereza katika mechi ya kufuzu kwa Kombe la Dunia. Uwanja wa Taifa wa Poland ulikuwa haujatimiza hata mwaka mmoja tangu ufunguliwe. Ulijengwa kwa ajili ya fainali za Euro 2012 na fahari yake kuu ilikuwa paa la kitambaa kizito linalokunjwa na kukunjuliwa juu ya uwanja. Utabiri wa hali ya hewa ulikuwa umeonya kuhusu mvua. Pamoja na hayo, paa likaachwa wazi.

Mvua ilipoanza kumwagika, wasimamizi waligundua kwamba wamechelewa. Mtambo ule haukuundwa kuendeshwa mvua kubwa ikinyesha, kwa sababu kitambaa kikijaa maji huelemewa na uzito. Refa Gianluca Rocchi kutoka Italia aliingia uwanjani akaudondosha mpira ili auone ukidunda, haukudunda. Mashabiki wawili walivunja vizuizi na kuteleza juu ya madimbwi kama watoto wanaocheza mtoni. Mechi ikaahirishwa hadi kesho yake, paa likiwa limefungwa, na timu hizo zikatoka sare ya 1-1.

Aibu kubwa zaidi ilikuja baada ya mvua kukatika. Shirikisho la kandanda la Poland lilisema hili, wasimamizi wa uwanja wakasema lile, naye mwakilishi wa FIFA akatajwa na kila upande. Ilibainika kuwa kila mmoja alikuwa na sauti katika uamuzi ule, lakini hapakuwa na mmoja aliyekuwa tayari kuubeba. Uwanja ulikuwa na paa, injini na wahandisi. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, mapema na kwa sauti inayosikika, "Funga."

Wengine walijifunza kuweka kanuni mapema. Katika ligi ya kandanda ya Kimarekani, NFL, timu ya nyumbani hutakiwa kutangaza dakika 90 kabla ya mchezo kuanza iwapo paa litakuwa wazi au limefungwa. Huko Cardiff, Wales, ambako uwanja wenye paa la kusogezwa ulifunguliwa mwaka 1999, mambo yamekuwa na utata zaidi. Katika mashindano ya raga ya Mataifa Sita, timu mbili zilitakiwa kukubaliana ndipo paa lifungwe. Wenyeji walipenda lifungwe ili kelele za mashabiki wao zirindime humo ndani, nao wageni walijua hilo vyema. Mwaka 2017 kocha wa Uingereza, Eddie Jones, alichagua paa libaki wazi. Kwa hiyo lile linalodhaniwa kuwa suala la mawingu likageuka kuwa mbinu ya mchezo, sawa na kuchagua upande wa kushambulia baada ya sarafu kurushwa.

Uwanja huo huo wa Cardiff uliandaa fainali za Kombe la FA la Uingereza wakati Wembley ilipokuwa ikijengwa upya, na mwaka 2003 Arsenal na Southampton walicheza fainali ya kwanza ya kombe hilo kuwahi kuchezwa paa likiwa limefungwa. Mvua ilinyesha nje, ndani kukawa kukavu. Siku hiyo mambo yalinyooka, na ni haki kulisema hilo, kwa sababu wapo wanaodhani kila mtambo mpya ni ulaghai. Sivyo. Unapofanya kazi, paa la namna hii ni neema kwa mchezaji na mtazamaji.

Lakini usipofanya kazi? Juni 2005, katika fainali ya Kombe la Mabara kati ya Brazil na Argentina mjini Frankfurt, paa lilifungwa kama ilivyotakiwa, kisha likavuja. Maji yalimiminika kutoka juu hadi kwenye kona ya uwanja kama bomba lililopasuka, mbele ya kamera za ulimwengu mzima, katika nchi inayosifika kwa uhandisi. Kule Montreal, Canada, hali ilikuwa mbaya zaidi. Uwanja uliojengwa kwa Michezo ya Olimpiki ya 1976 ulipata paa lake la kufunguka mwaka 1987, zaidi ya mwongo mmoja baada ya wanariadha kurejea makwao. Lilichanika mara kwa mara hadi mwaka 1998 lilipoondolewa na kuwekwa lingine lisilofunguka kabisa.

Kuna na mhusika ambaye hatajwi sana katika mjadala huu: nyasi. Nyasi hazijui ratiba ya mechi. Zinataka jua, upepo na maji kila siku, na paa, hata likiwa wazi, hutupa kivuli. Uwanja wa Amsterdam, uliofunguliwa mwaka 1996, ulilazimika kubadilishiwa nyasi mara nyingi katika miaka yake ya mwanzo kwa sababu hazikuwa zikistawi. Gelsenkirchen, Ujerumani, walitafuta suluhisho la ajabu: sakafu nzima ya uwanja, udongo na nyasi zake, husukumwa kwenye reli hadi nje ikaote jua, kisha hurudishwa kabla ya mechi. Ukifikiria gharama ya hilo, utaelewa kwamba paa la kufunguka si kifaa unachonunua mara moja. Ni kama ng'ombe wa gredi: bei yake sokoni ni mwanzo tu wa gharama, kisha kila siku anataka lishe na daktari.

Hapa ndipo tunaporejea nyumbani. Uwanja wa Talanta, katika eneo la Jamhuri kando ya Ngong Road, ulizinduliwa Machi 2024 ukikusudiwa kubeba mashabiki 60,000. Michoro iliyoonyeshwa umma ina paa juu ya viti, katikati pakiwa wazi. Ili kuugharimia, hati za dhamana za thamani ya Sh44.79 bilioni ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi Julai 2025, kwa muda wa miaka 15 na riba ya asilimia 15.04. Mkopo wa riba hiyo si wa kuongezea madoido. Waliochora uwanja bila paa la kusogezwa walifanya jambo la busara, na kijana wa jezi ya K'Ogalo aliyekuwa ndani ya matatu ile hana budi kuelezwa hivyo bila kuzungushwa.

Kwanza, tabianchi yetu haidai mtambo huo. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, haina theluji, wala haina joto la kuua kama la Ghuba. Tuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Ni kweli kwamba Ligi Kuu ya Kenya hupitia misimu hiyo yote miwili, na mechi za alasiri hukumbwa na mvua ya ghafla. Lakini mvua ya Nairobi mara nyingi huja kwa kishindo na kuondoka. Uwanja wenye mifereji mizuri chini ya nyasi huweza kuimeza na mchezo ukaendelea. Mchezaji akilowa, hilo ni sehemu ya kandanda.

Pili, tuulize umeme. Usiku wa Agosti 25, 2023, takriban nchi nzima ilitumbukia gizani, na hata uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta haukunusurika. Sehemu yake ilibaki bila taa kwa sababu jenereta ya dharura ilikataa kuwaka. Paa lililokwama nusu wazi na nusu limefungwa, watu 60,000 wakiwa chini yake, ni picha ambayo waandalizi wa mashindano hawataki hata kuiota. Mtu atasema jenereta zitanunuliwa. Kwenye uwanja wa ndege pia zilikuwa zimenunuliwa.

Tatu, kutunza mali hakujawahi kuwa sifa yetu. Uga wa City Stadium uliwahi kutandikwa nyasi bandia kwa msaada wa FIFA, na kila anayeupita akienda Makadara au Donholm aliona jinsi zilivyochakaa hadi mchezaji akianguka anaamka na kidonda. Ikiwa zulia lilitushinda, paa lenye injini na reli litatupeleka wapi?

Tukiwa hapo, inafaa kukumbusha kizazi kipya kwamba uga huo ni wa Donholm kwa jina hata kabla mtaa huo haujafahamika. Barabara ya Jogoo iliitwa Doonholm Road enzi za ukoloni, ikielekea kwenye shamba la mlowezi lililokuwa na jina hilo, na uga wenyewe ulipitia majina kadhaa: African Stadium, kisha Donholm Road Stadium, kisha Jogoo Road Stadium, ndipo ukawa City Stadium. Mwaka 2019, nguli wa soka Joe Kadenge alipofariki, ulipewa jina lake, ingawa utingo wa matatu bado huita "City Stadium" anapotafuta abiria. Ni uwanja wa Eastlands. Wazee wa Kaloleni, Makongeni, Jericho na Mbotela waliufikia kwa miguu.

Katika uga huo, na baadaye Nyayo uliofunguliwa mwaka 1983, palikuwa na upande ambao mashabiki waliubandika jina "Russia". Ndiko waliko wenye tiketi za bei ya chini, ndiko ngoma ziliko, na ndiko kusikokuwa na kifuniko. Jukwaa kuu, wanakoketi waheshimiwa, lina paa. Kwa miaka yote hiyo, Kenya imekuwa na jibu lake la kimyakimya kwa swali la paa: lifungwe juu ya mgeni wa heshima, liwe wazi juu ya mwananchi. Hili ndilo lenye kuudhi. Mtu anayelipa nauli kutoka Donholm, akanunua tiketi na kuimba kwa dakika 90 ndiye anayenyeshewa, ilhali aliyeingia kwa kadi ya mwaliko, na pengine ataondoka wakati wa mapumziko, amekaa pakavu.

Jirani zetu wa Tanzania waliliona hilo mapema. Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007, umefunikwa juu ya viti pande zote. Haufunguki wala haufungwi, na hakuna kitufe. Shabiki wa Yanga au Simba aliye kwenye kiti cha bei nafuu ana paa sawa na waziri. Huo ndio mfano wa kuigwa, wala hatuhitaji kupanda ndege kwenda Cardiff kuutafuta.

Je, kifuniko juu ya kiti cha maskini ni suala la starehe tu? Mwandishi huyu anaamini ni suala la usalama, na hoja yake iko barabarani, pale Outer Ring inapokutana na Jogoo.

Chukua shabiki wa Donholm anayekwenda Kasarani. Atapanda matatu ya Outer Ring hadi Allsops, aingie barabara ya Thika, na siku ya mechi msongamano utamla saa nzima au zaidi. Akiambiwa malango yatafunguliwa saa nne kabla ya mechi, atapiga hesabu yake: afike mapema akae juani au mvuani saa nne bila kivuli, au abaki kibandani akinywa chai hadi dakika ya mwisho? Atabaki kibandani. Naye wa Umoja atafanya vivyo hivyo, na wa Kayole, na wa Buruburu. Wote watafika langoni kwa wakati mmoja, nusu saa kabla ya kipenga, wakisikia shangwe kutoka ndani na kuhisi kwamba wameachwa. Hapo ndipo maafa huzaliwa. Paa lisilokuwapo ndani ya uwanja huujaza umati nje ya lango.

Hatuzungumzi juu ya mambo ya kubuni. Tarehe 23 Oktoba 2010, watu saba waliangamia katika mkanyagano kwenye uwanja wa Nyayo wakati wa debi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Hawakuuawa na mvua wala radi. Waliuawa na msongamano langoni, katika mechi iliyojulikana tangu ratiba ilipotoka kuwa ingevuta umati mkubwa kuliko zote.

Miaka 15 baadaye, Agosti 2025, Kenya ilipoandaa fainali za CHAN pamoja na Uganda na Tanzania, Kasarani palifurika kwa furaha ambayo haikuwa imeonekana kwa muda mrefu. Harambee Stars waliinyuka Congo 1-0, wakatoka sare na Angola, kisha wakaipiga Morocco 1-0. Pamoja na furaha hiyo, watu wasiokuwa na tiketi walivunja vizuizi na kujipenyeza ndani, hadi CAF ikaagiza mechi dhidi ya Zambia ya Agosti 17 ihudhuriwe na watu 27,000 pekee katika uwanja wa watu 48,000. Maelfu waliokuwa tayari kulipa walibaki nyumbani kwa sababu ya makosa ya malangoni. Stars walishinda mechi hiyo, kisha wakabanduliwa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti Agosti 22.

Na Oktoba mwaka huo huo, wananchi walipofika Kasarani kuutazama mwili wa Raila Odinga, lango lilivunjwa, polisi wakatumia gesi ya kutoa machozi na risasi, na watu wakapoteza maisha katika uwanja uliokusudiwa kuwa mahali pa maombolezo. Hiyo haikuwa mechi, lakini lango lilikuwa ni lile lile.

Kwa hivyo swali la Warsaw tunalo hapa, ila sisi tunalijibu kwa lango badala ya paa. Lango lipi lifunguliwe, saa ngapi, na nani mwenye mamlaka ya kuagiza lifungwe? Kasarani na Nyayo ziko chini ya Sports Kenya. City Stadium ni ya serikali ya kaunti. Mechi ya ligi ina waandalizi wake, mechi ya taifa ni ya FKF, mashindano ya bara yana kamati andalizi na maafisa wa CAF, na usalama ni wa polisi. Kila mmoja ana redio ya mawasiliano mkononi. Mambo yakienda kombo, kila mmoja humwelekezea mwenzake kidole, kama walivyofanya Wapolandi, isipokuwa kwamba Wapolandi waliishia kulowa nguo tu.

Wapo watakaodai kuwa tatizo ni tabia ya mashabiki wenyewe, wanaopenda kuingia bure. Dai hilo lina chembe ya ukweli, na wanaoruka ukuta wanastahili kushtakiwa. Hata hivyo, shabiki mkorofi yuko kila nchi. Aliyenunua tiketi yake kwa simu wiki moja mapema, akafika na mtoto wake, akakuta malango mawili kati ya mengi ndiyo yaliyo wazi, huyo hana tabia ya kurekebishwa. Anasubiri uamuzi wa mtu asiyemwona.

Kenya imewahi kupokonywa mashindano. Fainali za Afrika za 1996 zilituponyoka zikaenda Afrika Kusini, na CHAN ya 2018 tulipokonywa Septemba 2017 baada ya viwanja vyetu kutokuwa tayari, kisha ikapelekwa Morocco. Hata CHAN iliyochezwa Agosti 2025 ilikuwa imepangiwa Februari mwaka huo. Kila mara tumeulizwa kuhusu saruji, viti na taa, na safari hii fedha zimepatikana. Kanuni ya siku ya mechi haigharimu bilioni moja. Inahitaji karatasi moja inayomtaja afisa mmoja kwa cheo chake, inayosema malango yatafunguliwa saa ngapi, inayoeleza dalili zipi zikionekana lango jingine lifunguliwe au mechi icheleweshwe kwa dakika 30, na inayotangazwa redioni siku mbili kabla ili hata utingo wa Donholm aijue. Wamarekani wameiandika kwa ajili ya paa. Sisi tuiandike kwa ajili ya lango.

Matatu yetu iliposogea hatimaye na kuupita uga wa Kadenge, kijana yule alikuwa bado hajaridhika. Alitaka kujua iwapo, basi, hata upande wa "Russia" utawekewa mabati. Mzee alimwambia hilo ndilo swali alilopaswa kuanza nalo, akavuta kofia yake hadi kwenye masikio na kuteremka mvuani.